Karani wa Saa Mbili

Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, Kanini aliacha sufuria nusu imeoshwa. Alijipangusa mikono kwenye leso, akaingia ndani, akaketi ukingoni mwa kitanda na kulivuta debe tupu mbele yake kama mtu anayevuta meza. Kisha akasema, kwa sauti ya mwanamume aliyechoshwa na watu:

"Wa kwanza."

Mumewe, Mwanzia, alikuwa anafunga kamba za viatu. Alikuwa mchonga vinyago, na tangu Januari hakuna mtalii aliyenunua hata kijiko, lakini kila asubuhi alivaa viatu kana kwamba ana mahali pa kwenda. Alicheka kidogo.

"Mama Kavindu, umeanza maigizo?"

"Jina."

Kanini hakumtazama. Macho yake yalikuwa juu ya debe na mkono wake wa kulia ulikuwa unaandika. Haukushika kalamu. Hata hivyo wote waliisikia kalamu ikikwaruza, na chumba kikajaa harufu ya karatasi kuukuu, wino na mikojo ya panya.

"Jina," ile sauti ikarudia, na safari hii mabati ya ukutani yalitetemeka.

"Mwanzia," akasema Mwanzia. Hakuwa anacheka tena.

"Kabila."

"Mkamba."

"Kwenu."

"Machakos."

"Unaishi na nani?"

Mwanzia alitazama pazia lililogawa chumba. "Na mke wangu na binti yangu."

Ile sauti ilicheka kwa pua, kama wanavyocheka watu wa ofisini mtu wa mtaani anapodhani anaweza kuwadanganya.

"Kitabu kinasema watano."

Kalamu ilikwaruza mpaka saa saba. Hapo Kanini akapiga miayo, akalala. Saa nane aliketi tena, na saa kumi na moja jioni akaamka akauliza kwa nini sufuria hazijaoshwa. Hakukumbuka chochote. Mwanzia aliuona wino mweusi kwenye kidole gumba chake mwenyewe. Alikisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Haukutoka.

Nyuma ya pazia alikuwa Akeyo na mtoto wake Hope wa miaka minne. Akeyo alikuwa muuza omena wa Kisumu Ndogo, kule Kibera, na kabla Kanini hajahamia Kawangware walikuwa wakiuza bega kwa bega, mmoja nyanya, mwingine samaki. Nyumba ya Akeyo ilichomwa siku matokeo ya kura yalipotangazwa. Alifika Kabiro, mtaa huu wa Kawangware, kwa miguu, mtoto mgongoni, na Kanini akamwingiza bila kumwuliza mumewe. Majirani waliambiwa kuwa ni binamu kutoka Kitui, mgonjwa wa kifua, asikaribiwe. Mtu wa kwao Akeyo akifungua kinywa, hata mtoto anajua ametoka wapi. Kwa hiyo kwa wiki saba Akeyo hakuongea ila kwa kunong'ona.

Kwenye kona, karibu na kioski cha maji, walikaa vijana wakiitisha vitambulisho. Kiongozi wao aliitwa Toshi. Alikuwa na daftari dogo mfukoni, na humo alikuwa anaandika nyumba moja baada ya nyingine. Walioandikwa humo walihama usiku, wakiwa na bahati.

Sasa ndani ya nyumba hii kulikuwa na kitu kinachotaja majina kwa sauti, na ukuta ulikuwa bati.

Kavindu alijua kilikotoka. Alikuwa na miaka kumi na sita, ameishia kidato cha pili kwa sababu shule ilifungwa na karo ikaliwa kama unga, na ni yeye aliyekiandikia majina.

Ilikuwa Jumamosi iliyotangulia. Shirika moja la upatanisho lilikuwa limekodi basi, likawachukua akina mama wa Kibera na wa Kawangware kwenda kuutembelea mji wao mkuu. Mama wa shirika, aliyevaa skafu yenye rangi za bendera, alisema kuwa wakiyaona majumba ya taifa lao wataacha kuchukiana. Hao akina mama hawakuwa wamechoma nyumba ya mtu. Waliochoma hawakualikwa. Wa Kibera waliketi upande wa kushoto, wa Kawangware upande wa kulia, na wote walipanda kwa sababu moja: walikuwa wamesikia kuna unga.

Walilizunguka bunge mara mbili. Hawakushuka, maana askari wenye kofia za chuma waliwapungia virungu wasisimame. "Hapa ndipo sauti zenu zinaposikika," alisema kijana mwenye tai aliyekuwa akiwaongoza, huku basi likiongeza mwendo. Walionyeshwa wizara tatu kupitia ua wa chuma. Walionyeshwa mahakama, ambayo ilikuwa imefungwa. Kila mahali yule kijana alisema, "Hii ni yenu," halafu akasema, "Msiguse." Mama mmoja wa Kibera aliuliza choo cha wizara kiko wapi, kwa kuwa ni yake.

Mwisho waliingizwa katika nyumba ndogo ya mawe, zamani ofisi ya bwana shauri wa kikoloni, sasa makumbusho. Kulikuwa na picha za wanaume wenye kofia ngumu, mijeledi ukutani, na katika chumba cha nyuma kulikuwa na meza, kiti, na kitabu kikubwa kilichofunguliwa. Kitabu kilikuwa na safu zilizopigwa mistari: Jina. Kabila. Kwenu. Unaishi na nani.

Mtu mwingine angeona kitabu cha zamani. Kanini alikuwa amepanga foleni za misaada kwa wiki saba: kanisani, kwa chifu, uwanjani, na kote kulikuwa na meza, kitabu na safu kama hizo, na waliochelewa kuandikwa walirudi na mifuko mitupu. Alimvuta mkono Kavindu, aliyekuwa amekuja naye.

"Orodha iko huku," akanong'ona. "Hao wengine hawajaiona. Andika upesi, wewe ndiye mwenye mwandiko."

Akaketi kwenye kile kiti, maana miguu ilimuuma, akaanza kumtajia. Kavindu aliichovya kalamu katika kidau. Kidau kilikuwa kikavu, na ndani yake mlikuwa na nzi aliyekufa zamani, lakini kalamu iliandika vizuri, nyeusi, imelowa. Akaandika Mwanzia, akaandika Kanini, akajiandika mwenyewe. Alipofika kwa Akeyo, kwenye safu ya kabila, alisita.

"Andika ukweli," Kanini akasema. "Waliochomewa ndio hupewa kwanza. Mjaluo, Kisumu Ndogo, mtoto mmoja. Unadhani atapata blanketi kwa uongo?"

Kijana wa tai aliwakuta. "Jamani, mama! Hicho ni cha wakoloni. Mtu haandiki hapo." Aliinama kutazama wameharibu nini, kisha akawatazama kwa dharau. "Hakuna kitu hapa. Hata kuandika hamjui."

Ukurasa ulikuwa mtupu.

Hakukuwa na unga. Walipewa mkate, soda, na fulana iliyoandikwa AMANI, kubwa ya kumtosha mlinzi.

Hivyo ndivyo lile jini lilivyokuja, na lilifuata orodha kama alivyoiandika. Jumanne lilimwita Kanini mwenyewe. Ile sauti ya kiume iliuliza, na kutoka kinywa kile kile sauti ndogo ya Kanini ikajibu kama mtoto aliyeamshwa usingizini, jina, kabila, kwenu, na Mwanzia akatoka nje. Jumatano lilimwita Kavindu. Alisimama mbele ya debe. Alipomaliza kujibu, macho ya mama yake yaliinuka kwa mara ya kwanza. Yalikuwa meusi kabisa, yameloa.

"Wewe ndiye uliyeandika. Mwandiko mzuri," lilisema. "Utafaa."

Usiku halikuja kamwe. Usiku Kanini alikuwa Kanini, anapika, anauliza kwa nini wanamtazama hivyo. Walichoogopa ni kukucha.

Alasiri hiyo ya Jumatano walijaribu kumziba Kanini mdomo kwa leso. Sauti ilihamia kwenye bati, ikaendelea kuuliza, juu zaidi. Akeyo naye alijaribu kuondoka jioni, amejifunika shuka, Hope mgongoni; alifika hatua ishirini akamwona Toshi chini ya taa ya kinyozi akilipekua daftari, akarudi. Na kesho ilikuwa Alhamisi, na wa nne kwenye orodha alikuwa yeye.

Alhamisi lilianza kumwita saa mbili. "Akeyo," lilisema kwanza taratibu, kisha likapandisha kidogo kidogo asubuhi nzima kama mtu apandishaye redio, na Kavindu alipiga sufuria, akaimba nyimbo za kanisa, akakokota debe la pili huku na huku ili kulifunika jina lile, mpaka saa saba mama yake alipopiga miayo akalala.

Hapo Mwanzia akamleta Susu Kamene.

Susu, yaani bibi kwa Kikamba, aliuza makaa plot ya nyuma, kwenye safu ya vyumba iliyofuata. Alikuwa ameokoka, lakini ujanani kule Kitui alipigiwa kilumi, ngoma ya kupunga pepo, akawatoa watu pepo, na wazee wa Kabiro walijua. Aliketi sakafuni, akamnusa Kanini aliyelala, akakunja uso.

"Limeomba nini? Kitambaa chekundu? Mbuzi?"

"Limeomba majina, Susu," Kavindu akasema.

"Halijaomba ngoma?"

"Hapana. Majina, kabila na kwetu. Saa saba linaenda kula."

Susu Kamene alitema mate mlangoni. "Mimi nimetoa majini ya maana. Jini lililotaka marashi ya Mombasa. Jini la mlimani lililokunywa damu debe zima na likashukuru. Hili ni karani. Limekaa kwenye kiti miaka yote hiyo likingoja mtu wa kuliletea kazi, na nyinyi mkaenda kuliletea."

"Sasa tutalitoaje?" Mwanzia akauliza.

"Jini hupewa linachotaka, likaenda. Hili mkilipatia linachotaka, huyu mama wa nyuma ya pazia atauawa." Hakuwa amepunguza sauti vya kutosha, na pazia likatikisika. "Toka, mwanangu. Nakuongelea wewe."

Akeyo akatoka. Susu alimtazama kwa muda.

"Haliwezi kufukuzwa bure. Litaenda na mtu anayeipenda kazi hiyo kuliko sisi. Wako kwenye kona pale, wana hata daftari. Likiwaona litawataka. Lakini sikudanganyi. Ili waje, lazima wasikie, na watakachosikia ni jina lako. Na huenda wakaja kwanza wakakumaliza, halafu ndio likawataka."

"Hapana," Mwanzia akasema. "Susu, hapana."

Akeyo alimpangusa Hope kamasi. Alinong'ona, kama alivyozoea, lakini hakumtazama yeyote.

"Wiki saba nakaa kwa nyuma ya nguo kama panya. Na hawa watoto wa kona hata kunyoa ndevu hawajaanza. Fungueni mlango."

Saa nane Kanini aliketi. Akeyo na Hope walikuwa nyuma ya pazia, na safari hii hakuna aliyepiga sufuria wala kuimba. Mlango ulikuwa wazi na jua la Februari liliingia mpaka kitandani, na katika mwanga ule sauti ikaanza, "Akeyo," halafu, "Akeyo wa Kisumu Ndogo," halafu, "Akeyo, Mjaluo, mtoto mmoja, aje mbele," na kila mara ikawa kubwa zaidi, ikatoka kwa Kanini ikaingia kwenye bati na kutoka kwenye bati ikaingia kwenye bati la jirani, mpaka plot nzima ikawa inalitaja jina hilo kama kengele inavyotaja saa, na kuku wakanyamaza, na redio zikazimwa moja moja, na kwenye ujia Kavindu akasikia viatu.

Waliingia watatu. Toshi alikuwa mbele na panga ndani ya gazeti.

"Niaje, mzee," akamwambia Mwanzia. "Tumeskia kuna mtu anaitwa hapa. Akeyo ni nani?"

Kanini aliinua kichwa, polepole, kama mbwa aliyesikia harufu ya nyama.

"Pangeni foleni," akasema.

Kijana mrefu nyuma ya Toshi alicheka. "Manze, huyu mathe amekuwa sajini."

"Hicho kitabu mfukoni ni cha nani?"

Toshi aligusa mfuko wake. "Changu, mathe. Kwani?"

"Lete nione. Huu ni mwandiko au kuku amepita? Nyumba namba saba, hukuandika kwao. Nyumba namba kumi, hukuandika watoto. Kazi mbovu." Daftari lilikuwa bado mfukoni. "Jina."

"Toshi."

"Jina."

"Buda, twende," akasema wa tatu.

"Andika Toshi," Toshi akasema, na akajaribu kucheka. "Toshi wa Kabiro."

"Baba, wa hapa," ile sauti ikasema, ikiandika. "Mama, binti Omolo, Mjaluo. Kwao, Kisumu Ndogo."

Mkono wa Kanini uliendelea kuandika juu ya debe, lakini ukwaruzaji haukutoka hapo tena. Ulitoka mfukoni mwa Toshi. Alilichomoa daftari kama mtu aliyeungua, likafunguka, na kurasa zake zilikuwa zinajaa, mstari baada ya mstari, mwandiko mzuri wa zamani, na wino ulikuwa unamtiririka kidoleni. Yule mrefu alisoma juu ya bega lake.

"Binti Omolo," akasema. "Msee, umekuwa ukituambia mathe wako ni wa Nyeri."

"Ni wazimu. Huyu mama ni wazimu."

"Imeandikwa."

"Wacha ujinga, Muema."

Muema, yule mrefu, alilichukua daftari. Hakunyang'anya, alilichukua tu, na Toshi akaliachia. Walitoka wakimweka Toshi katikati. Hakuna hata mmoja aliyetazama pazia.

Kanini alianguka upande. Baadaye aliomba maji kwa sauti yake, na akalalamika kuwa mkono unamuuma. Susu Kamene alifunga mlango, akajikuna.

"Nilijua," akasema. "Limepata ofisi kubwa."

Saa kumi na moja na nusu mtu aligonga chini ya mlango, kama anayegonga akiwa amelala. Mwanzia alishika shoka lake la kuchongea, akachungulia. Toshi alikuwa chini, kiatu kimoja, sikio limepasuka.

"Mzee, nificheni. Wanakuja."

"Nenda kwa mama yako Nyeri," Mwanzia akasema.

"Mzee, tafadhali."

"Mwingizeni," akasema Akeyo.

Hakunong'ona. Ilikuwa sauti yake ya sokoni, yenye lafudhi yote ya ziwani, na Kavindu alishtuka kwa sababu alikuwa ameisahau.

"Mama Hope," Mwanzia akasema, "huyu alikuwa anakutafuta akuue."

"Najua. Tazama uso, hata huko kuua angekosea nyumba. Mwingizeni kabla hajalia kwa mlango."

Wakamburuta ndani. Akeyo alimsukuma nyuma ya pazia kwa mguu, akamtoa Hope huko, akampa Kanini amshike. Kisha alifungua mlango mwenyewe, akasimama kizingitini, mikono kiunoni, mahali ambapo hakuwa amesimama tangu mwaka uanze.

Muema alikuja na wengine sita au saba nyuma yake. Alilishika daftari kwa mikono miwili. Kidole gumba chake kilikuwa cheusi hadi kwenye kifundo, na macho yake hayakuinuka kutoka kwenye karatasi. Harufu ya karatasi kuukuu na wino ilimtangulia.

"Jina," akasema. Haikuwa sauti ya kijana.

"Kumbe ni wewe," Akeyo akasema. "Tangu asubuhi unapiga kelele kunitafuta. Nilidhani ni mtu mkubwa. Akeyo. Mjaluo. Kisumu Ndogo, karibu na kanisa, nyumba mliyochoma. Mtoto mmoja. Umeandika? Soma nisikie."

Kalamu ilikwaruza. "Akeyo," lilisoma. "Mjaluo. Kisumu Ndogo. Mtoto mmoja."

"Umemaliza na mimi?"

Mwanzia alikuwa amelishika shoka mpaka vidole vikapauka.

"Nimemaliza," likasema.

"Basi usinizibie mlango. Una watu wanangoja hapo nyuma."

Muema akageuka. Alifanya hivyo polepole, daftari mbele, na wale vijana waliokuwa nyuma yake, walioshika mapanga na rungu na waliokuja kumaliza kazi, walijikuta wakitazamwa na yale macho meusi yaliyoloa, na kila mmoja wao alimkumbuka bibi fulani, mjomba fulani, jina fulani la katikati ambalo huwa halisemwi kwenye kona.

"Jina," likamwambia wa kwanza.

Yule kijana alikimbia. Wa pili akakimbia. Waliobaki walikanyagana kwenye mtaro wa maji machafu, mmoja akaacha panga lake humo, na Muema akawafuata bila kukimbia, akiuliza kwenye kila mlango anaopita. Saa za ofisi zilikuwa zimepita kitambo. Kavindu alimsikia kwa jirani wa kwanza, kisha wa pili, halafu ng'ambo ya ujia, na kutoka kwenye vyumba vilivyofungwa watu wakaanza kujibu kwa sauti ndogo, kwao Busia, kwao Murang'a, kwao Kitui, kwao Siaya, watu walioishi ukuta kwa ukuta na hawakuwahi kuulizana.

Akeyo alifunga mlango. Alikitazama kidole gumba chake, ambacho sasa kilikuwa cheusi kama cha Mwanzia, akakifuta kwenye sketi, wino haukutoka, akakiacha. Kisha akalivuta pazia. Toshi alikuwa amejikunja kwenye kona, analia bila sauti, amekumbatia magoti.

"Sogea huko," Akeyo akamwambia. "Umelalia nguo za mtoto."